Mpwa Wangu, Usivunje Uchumba kwa Ajili ya Wimbo

Mpwa wangu Gitaa Kimya wa Kichangani, Morogoro,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilicheka hadi jirani wa meza ya pili akauliza kulikoni. Usinune. Nyinyi Waluguru mnajua kuliko wengi kwamba jambo zito hupelekwa kwa mjomba, na mjomba ana ruhusa ya kukucheka kabla ya kukusaidia.

Nirudie kisa chako kwa ufupi ili wasomaji wengine wavute viti. Una miaka 26. Mchana unauza vipuri vya pikipiki karibu na stendi ya Msamvu, usiku unapiga gitaa na kutunga nyimbo. Mwaka juzi, mwezi Aprili, masika yamepamba moto, mama yako alifariki na mkamzika kwao Matombo. Kabla mwaka haujaisha ulikuwa na nyimbo tano. Ule wa mama uliwaliza watu ukumbini, hata mpiga besi wenu akapotea njia katikati ya kiitikio. Watu wakakupa jina: Fundi wa Huzuni.

Kisha ukampata binti wa Kilakala. Posa ikapokelewa, sehemu ya mahari ukatoa, harusi ni Desemba hii. Na tangu moyo utulie hujatunga hata ubeti mmoja. Ukakaa ukapiga hesabu yako: furaha imekula kipaji. Dawa ukajiandikia mwenyewe. Hupokei simu za mchumba, ukipokea unatafuta neno la kumuudhi, ili mgombane, akuache, machungu yarudi na nyimbo zirudi nyuma yake. Tena umeacha vidonge ulivyopewa hospitali baada ya msiba, kwa sababu unahisi vinakufanya "usisikie kitu". Mwisho ukaniuliza: "Mjomba, msanii anaweza kuwa na raha na bado akawa msanii?"

Anaweza. Hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu linahitaji chai, agiza.

Nianze na lisilosubiri, yaani vidonge. Umeeleza mwenyewe kwamba baada ya mazishi usingizi ulikukimbia, chakula kikawa hakishuki, ukalala unahesabu misumari ya bati hadi kunakucha. Hiyo ilikuwa sonona, na daktari akaitibu. Dawa za namna hiyo haziachwi kwa kujiamulia, wala haziachwi ghafla. Hali inaweza kurudi, tena kwa nguvu. Kama kweli zinakufanya mzito, hayo ni maneno ya kumpelekea daktari, maana anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa au kukupa mtu wa kuzungumza naye. Nenda wiki hii. Na kama usiku mmoja utakujia na wazo kwamba heri usingekuwepo, usingoje kupambazuke: mwamshe mtu wa nyumbani mwende hospitali usiku huohuo. Hapa sitanii.

Tena ngoja nikukumbushe ulichokiandika ukurasa wa pili. Zile wiki za kuhesabu misumari, gitaa lilikuwa wapi? Umesema lilitundikwa ukutani hadi nyuzi zikaota kutu. Yaani ulipoumia kuliko wakati wowote, hukutunga kitu. Usidhani ni wewe peke yako. Yule mchoraji Mholanzi, Vincent van Gogh, ambaye dunia humtaja kila inapotaka mfano wa msanii mwenye mateso, alilazwa Saint-Rémy kule Ufaransa mwaka 1889, na akiwa huko alichora picha nyingi mno. Lakini karibu zote alizichora katika vipindi vya nafuu. Ugonjwa ulipompanda, mara nyingi kazi ilisimama. Picha tunazozisifu ni za siku alizoweza kusimama.

Najua imani yako umeitoa wapi. Umekulia Morogoro, mji ambao zamani ulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah upande huu na Morogoro Jazz upande ule, na wazee wa vijiweni bado wanabishana nani alikuwa zaidi. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari. Mbaraka Mwinshehe, aliyeanzia Morogoro Jazz na mwaka 1973 akaunda Super Volcano, naye alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Mji mmoja, mabingwa wawili, barabara mbili. Basi vijiweni watu wakajumlisha: mwanamuziki mkubwa na msiba ni chanda na pete. Nawe mtoto ukakua unasikia hivyo, ukadhani ni kanuni.

Hebu tazama vizuri. Ajali haikumpa Mbaraka wimbo hata mmoja. Ilizikatisha zile ambazo hakuwahi kuziimba. Na kabla ya ajali alikuwa nani? Mtu wa mazoezi na wa jukwaa, aliyeshika gitaa la solo siku za furaha na siku za njaa. Chukua wimbo wake wa "Shida", ambao umeniambia huwa mnaupiga kwenye harusi. Umeshaona watu wakiusikia wakaketi kulia? Wanainuka! Wanaburuza viti! Shida zenyewe Morogoro nzima ilikuwa nazo: kuli alikuwa nazo, mama muuza ndizi alikuwa nazo, karani wa reli naye alizijua. Wangeambiwa watoe wimbo, wangetoa malalamiko. Mbaraka alikuwa na shida kama wao, ila mkononi alikuwa na gitaa alilolihangaikia miaka, na nyuma yake wenzake waliokuja mazoezini.

Ukitaka mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuonyesha majonzi, mtazame Edward Saidi Tingatinga. Alitoka Tunduru kutafuta riziki, akabangaiza vibarua, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli juu ya mbao laini za dari. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliodhani ni mhalifu anayetoroka. Kazi yake ya uchoraji ilidumu miaka michache tu. Na alichora nini? Chui wenye madoa ya kupendeza, ndege wenye mikia mirefu, tembo. Watoto wanacheka wakiziona. Maisha magumu hayakumwamuru achore ugumu.

Sasa wewe ni mbishi, nakusikia: "Mjomba, na Abdilatif Abdalla je?" Umeuliza vizuri. Kijana wa Mombasa, mwaka 1969 alifungwa miaka mitatu kwa kuandika kijitabu cha kuikosoa serikali ya Kenya. Akiwa jela, akatunga mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Alipotoka yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Dhiki ipo hadi kwenye jina la kitabu! Siwezi kuikana, wala sitaki.

Lakini jiulize, wafungwa wangapi walikuwa naye katika jela ya Kamiti miaka hiyo na karatasi za chooni zilezile, na hawakutoka na diwani? Abdilatif alilelewa katika nyumba ya washairi. Kaka yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ni malenga ambaye jina lake halihitaji utambulisho Mombasa. Vina na mizani aliingia navyo getini, askari hawakuviona kwenye upekuzi. Jela ilimpa jambo la kusema. Jinsi ya kulisema alikuwa nayo tayari. Kisha nikuulize la pili: unadhani baada ya kutoka alitamani arudishwe selo ili apate diwani nyingine?

Wahenga walisema baada ya dhiki faraja. Nimezipekua methali zetu, sijaona inayosema baada ya faraja, katafute dhiki.

Nitoke kwenye vitabu nikupeleke mlimani kwenu. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kwenye msiba wa mzee mmoja juu ya Mgeta, kule ambako mashamba ya mboga yamepanda miteremko kama ngazi. Mjane alikaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, kanga imemfunika hadi machoni. Hasemi. Mara akaingia mtani wa ukoo. Amevaa koti la marehemu, viatu amevigeuza, cha kulia mguu wa kushoto. Akakohoa kile kikohozi cha mzee, kikavu, mara tatu, akasafisha koo, akaagiza chai "yenye sukari ya kuonekana", kama mzee alivyokuwa akiagiza kila jioni. Watu wakaangua kicheko, machozi yakiwa bado mashavuni. Makaburini akajitumbukiza shimoni akagoma kutoka hadi alipwe. Nilimtazama mjane tuliporudi, mtani akikohoa tena mlangoni. Kanga ilifunuka kidogo. Mabega yalikuwa yanatikisika, na hadi leo sijui alikuwa analia au anacheka.

Sasa niambie, mpwa wangu, msanii pale alikuwa nani? Mjane ndiye aliyekuwa na uchungu kuliko watu wote pale, na desturi ilimpa mkeka. Haikumpa uwanja. Uwanja alipewa mtu aliyemjua marehemu kiasi cha kukumbuka kikohozi chake kilivyo, lakini aliyesimama hatua moja pembeni ya uchungu, ambaye miguu ilikuwa bado inamtii. Wazee walijua kwamba mfiwa hawezi kufanya kazi zote mbili kwa siku moja.

Mtungaji ana taabu moja: mfiwa na mtani wote wamo ndani yake. Aprili ile mfiwa wako alishika mkeka, na ilikuwa haki yake, hasa kwenu ambako ukoo unafuata mama, na kumzika mama ni kumzika aliyekufanya uwe wa mahali fulani. Mtani wako akangoja nje. Soma ulichoandika mwenyewe: "Wimbo wa mama niliumaliza Desemba, nimeshaanza kula vizuri, tumekaa barazani na bibi tunachambua maharage." Aprili hadi Desemba, mpwa wangu! Miezi minane. Unaona milima yenu ukiwa Kichangani? Mvua ya masika ikianguka leo, mtoni yanateremka matope. Maji safi yanayoteremka kiangazi, yanayoingia Ruvu hadi yakanywewa Dar es Salaam, ni yale ambayo msitu wa Uluguru uliyashika ukayaachia taratibu. Wewe ulitunga kwa maji ya Desemba, sasa unataka kurudi kwenye tope la Aprili na ndoo.

Na kitu kingine kilichonichekesha ni hiki. Desemba ile ulikuwa unameza vidonge hivyohivyo. Basi havikuua wimbo.

Kwa hiyo tuulize swali lililo sahihi: mwaka ule ulikuwa na nini ambacho leo huna? Barua yako inajibu, ila wewe hukuisoma. Baada ya hospitali ulikaa kwa bibi Matombo miezi mitatu. Mtandao hadi upande kilimani. Hakuna aliyekudai, hakuna aliyekutuma. Jioni bibi analala mapema, wewe na gitaa na koroboi. Nyimbo nne zilianzia hapo. Leo unafungua duka saa mbili asubuhi, unalifunga saa mbili usiku, unaongea na mchumba au unagombana naye hadi saa nne, halafu unasoma ujumbe wa kamati ya harusi kwenye simu hadi saa sita, nani kachanga, nani anakwepa. Jumapili ni vikao. Mpwa wangu, furaha haijakuibia kitu. Kilichokwenda ni saa mbili za kimya kila jioni.

Msiba una adabu moja: watu wanakuachia nafasi. Hakuna anayemwambia mfiwa alete hesabu za duka. Nafasi ile ndiyo uliyoitungia nyimbo, ukaenda kuishukuru huzuni. Furaha haina adabu hiyo. Ukifurahi, kila mtu anakuona umepatikana. Sasa nafasi hiyo itakubidi uiombe kwa mdomo wako.

Iombe hivi. Siku tatu za wiki, amka saa kumi na moja alfajiri, kabla muadhini wa pili hajamaliza na kabla bodaboda hazijaanza. Simu iache chumba kingine. Kaa na gitaa hadi saa kumi na mbili na nusu. Wiki mbili za kwanza utatoa beti mbovu, za "nakupenda wewe kama maua". Ziandike hivyohivyo. Mkono uliolala mwaka mzima hauamki na kibwagizo.

Weka pia daftari la pili, ambalo si la nyimbo. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa chuo waliandika kuhusu mambo yaliyowahi kuwaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Miezi iliyofuata wanafunzi walioandika matukio pamoja na walivyojisikia hawakwenda zahanati ya chuo mara nyingi kama wale walioandika mambo ya kawaida. Hawakuwa wasanii, na hakuna aliyewapigia makofi. Hilo ndilo ninalokutakia: mahali pa kuweka uchungu ambapo hapana ukumbi, tiketi wala mpiga besi.

Maana hapa nitakugusa panapouma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nina wasiwasi kidogo kwamba unachokikosa zaidi si huzuni, ni ule ukumbi uliolia. Jina la Fundi wa Huzuni limekunogea, sasa unaona haya kupanda jukwaani na uso uliotulia, wasije wakasema umeishiwa. Sikulaumu; kusifiwa ni kutamu, na ulisifiwa wakati ulikuwa huna kingine. Lakini jina ni nguo waliyokushonea watu. Ikikubana, ivue. Hao hao waliolia ukumbini watautaka siku moja wimbo wa kuingizia bibi harusi, na watakutafuta wewe.

Na huyo binti wa Kilakala. Unamchokoza mtu asiyejua kosa lake ili akupe malighafi. Ukimwacha kwa sababu humpendi, nitakuelewa, na nitakushauri umwambie leo kabla kamati haijalipia turubai. Lakini umeniandikia kurasa tatu bila neno baya hata moja juu yake. Umesema alikuuliza, "Nimekukosea nini?" nawe ukanyamaza. Tuseme mpango wako umefaulu: ameondoka. Wimbo utakaoutunga utasema nini kwa kweli? Utasema, "Nilimfukuza mimi mwenyewe." Na mtu anayetunga vizuri hawezi kuuficha ukweli huo kwenye ubeti, utachungulia tu.

Nimalizie na mstari mmoja wa barua yako. Kurasa tatu unalia huna cha kuimba, na katikati, kama mtu anayepita njia, umeandika kwamba ndani ya mfuko wa gitaa unaweka kanga ya mama, ile aliyokuwa akijitanda, maandishi yamefifia. Kwamba mwezi uliopita mchumba wako alifungua mfuko akaikuta imekunjamana, akaikunja vizuri, akairudisha palepale chini ya gitaa, hakuuliza ni ya nani. Nawe ulimwona kupitia upenyo wa mlango, ukarudi nyuma polepole ili asijue.

Kisha ukaendelea na habari ya kukosa hisia.

Mpwa wangu, ulirudi nyuma kwa nini? Mimi sijui, na sitakutungia. Labda ni kwa sababu Desemba atakuja mkwe katika nyumba ambayo mwenye kumpokea hayupo. Labda ni kwa sababu ulifurahi, ukajiona umemsaliti aliye Matombo. Usiniandikie mimi jibu. Gitaa nalo liache kwanza mfukoni. Leo ukifunga duka, mpigie yeye, mwambie ulimwona siku ile akiikunja kanga, na umweleze ilikuwa ya nani.

Mjomba wako.